Mtama Mwekundu wa Usukuma

Wajapani wana pombe yao ya mchele, sake, na adabu ndefu ya kuionja: huinusa, huituliza ulimini, kisha huamua kama yafaa kwa samaki mbichi au kwa kitoweo cha kukaangwa. Ukiitazama asili yake, si ngeni kwa Msukuma wa Bariadi. Nafaka haitoi pombe mpaka wanga wake ugeuke sukari. Japani, kazi hiyo hufanywa na ukungu uitwao koji, unaopandwa juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Usukumani hufanywa na kimea, yaani mtama ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa.

Mtama wenyewe ndio wenye hadithi. Katika nchi ile ya mvua haba, ambako mto Simiyu ulikuja kuupa mkoa jina lake mwaka 2012, adui mkubwa wa mkulima ni kwelea, ndege washukao shambani makundi kwa makundi. Mtama mweupe huumaliza. Mwekundu una ukakasi, nao huukwepa maadamu wamepata mwingine. Ukakasi huo huufanya ugali wake uwe mgumu kupendwa, lakini ndani ya pombe ndio uti wa mgongo wa ladha. Kwa hiyo, kwa namna fulani, ndege ndiye aliyemchagulia mnywaji.

Walwa, kama Wasukuma waiitavyo, ni nzito na chachu. Yakaribia chakula kuliko kinywaji. Uchachu wake hukata mafuta ya nyama choma, na kando ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa, hupatana na utamu. Msomaji wa pwani asiyegusa kileo ataelewa akikumbuka ndimu juu ya pweza.

Kisha ikaenea pamba. Kufikia mwaka 1955, wakulima wa kanda ya Ziwa walipounda muungano wao mkuu wa ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, zao hilo lilikuwa ndilo mfuko wa Usukuma. Pamba ikaleta fedha, na fedha ikanunua unga wa mahindi. Mpunga nao ukashika mabonde. Kimea cha mahindi hutoa pombe pia, ila ukakasi haumo.

Waliozijua tofauti hizo ni wanawake, wapishi wa pombe, na maarifa yao yalikaa ulimini, hayakuandikwa kama ya waonjaji wa Japani. Anayeacha kupanda mtama mwekundu huipoteza na mbegu yake, kwani mbegu isiyorudi shambani haidumu miaka mingi ghalani.