Mhuni, Mlowezi na Steringi: Filamu za Kauboi katika Viunga vya Dar es Salaam

Filamu ya kauboi husimama juu ya uadui wa pande mbili: walowezi wanaojenga na kungoja sheria iwafikie, na majambazi wanaowavamia kutoka nyikani. Watengenezaji wake walitarajia mtazamaji awaunge mkono walowezi. Burton (2001) ameonesha jinsi maofisa wa kikoloni wa Dar es Salaam walivyotiwa hofu na vijana wasio na kazi walioiga mavazi na mikogo ya kauboi. Kuilaumu sinema kulikuwa rahisi. Msamiati wa watazamaji unaeleza zaidi.

Katika Tanganyika ya miaka ya 1950, neno mlowezi halikuweza kubeba sifa ya shujaa. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe Wazungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mhuni naye, ambaye kwa maana ya kale ni mtu aliyejitenga na jamaa zake na kutangatanga, alikwisha kugeuzwa kuwa suala la kiutawala. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini Waafrika “wasiotakiwa” ilimwezesha ofisa kumrudisha kwao mtu asiye na kazi wala njia ya kuaminika ya kujipatia riziki. Hakuhitaji kuiba. Kuwapo mjini kulitosha.

Hapo ndipo mgawanyo wa filamu unapovunjika. Mpango mkuu wa mji wa 1949 ulielekeza makazi mapya ya Waafrika pembezoni, Temeke na Magomeni yakiwamo. Lakini wahamiaji walikuwa wengi kuliko viwanja vilivyopimwa, na waliobaki walijijengea nyumba za miti na udongo palipopatikana nafasi. Aliyefyeka kichaka, akachimba msingi na kuleta familia kutoka bara, yaani aliyefanya kazi yote ya mlowezi wa kwenye filamu, ndiye huyohuyo aliyeweza kukamatwa kama mhuni.

Kiswahili cha watazamaji kina neno linaloikwepa hukumu hiyo: steringi, lililotoholewa kutoka neno la Kiingereza linalotangulia jina la mwigizaji mkuu. Steringi hupambana na adui. Neno halisemi nani kati yao ana cheti cha serikali. Linasema tu kisa ni cha nani. Kwa kijana wa Keko aliyekwepa msako, tofauti hiyo si ndogo.

Uhuru haukumaliza utata huo. Katika miaka ya 1970, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliboresha Manzese badala ya kuibomoa, na wajenzi wake wakaanza kutambuliwa kuwa wakazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na malori yakaanza tena kuwabeba wasio na kazi kuwapeleka mashambani.