Vitabu Alivyoviuza Origen

Mwaka 202 hivi, mjini Alexandria nchini Misri, mama mmoja alimfichia mwanawe nguo zote. Mumewe, Leonides, alikuwa gerezani kwa kosa la kuwa Mkristo, na kijana huyo, ambaye hakuwa ametimiza miaka 17, alikuwa amekusudia kwenda kujisalimisha auawe pamoja na baba yake. Bila nguo asingeweza kutoka nje. Leonides akakatwa kichwa, mali yake ikachukuliwa na serikali, wakabaki mjane na watoto saba. Kifungua mimba wao, Origen, ikambidi atafute riziki kwa ajili ya wadogo zake. Akafundisha sarufi.

Sarufi ya wakati ule haikuwa ngeli na viambishi tu. Ilikuwa ni kumsoma mshairi Homer mstari kwa mstari, pamoja na miungu wake wazinzi, waongo na wagomvi. Wakristo hawakuwa na shule zao za kujifunzia kusoma na kuandika. Mtoto wa Kikristo aliketi darasa moja na mtoto wa mpagani, wakajifunza mashairi yaleyale. Tumezoea kusema kwamba Ukristo “ulikutana” na elimu ya Kigiriki, kana kwamba ni wageni wawili waliopeana mikono njiani. Mimi naona walilelewa nyumba moja, na ugomvi wao ulikuwa wa ndugu.

Biblia yenyewe ilikwisha kuzungumza Kigiriki. Wayahudi wa Alexandria walianza kuitafsiri Torati katika karne ya 3 KK. Mmoja wa wajukuu wa jamii hiyo, Philo, aliyeishi zama za Yesu, aliisoma kwa mbinu ambazo Wagiriki walimsomea Homer: palipo na jambo lisiloingia akilini, alitafuta maana iliyofichika nyuma yake. Nayo Injili ya Yohana ikafunguka kwa jina Logos, ambalo sisi tunaliita Neno. Wanafalsafa wa Kistoa walikuwa wakilitumia muda mrefu kwa maana ya akili inayouendesha ulimwengu.

Si wote waliopendezwa na ujirani huo. Mwandishi Mkristo Tertullian wa Carthage aliuliza kwa kejeli Athene inahusiana nini na Yerusalemu. Swali hilo limekaririwa mno hata watu wakasahau kwamba muulizaji alikuwa msomi hasa, na kwamba aliposema nafsi ni kitu chenye mwili, alisema kama Mstoa. Huko Alexandria, mwalimu Mkristo Clement aliwacheka Wakristo walioikimbia falsafa, akawafananisha na watoto wanaoogopa kinyago. Kwake, falsafa iliwafanyia Wagiriki kazi ambayo Torati iliwafanyia Wayahudi, kazi ya paidagogo. Ndilo neno ambalo Paulo aliwaandikia Wagalatia, na Biblia yetu ikalitafsiri “kiongozi”. Tafsiri hiyo imempandisha cheo: paidagogo alikuwa mtumwa wa kumsindikiza mtoto shuleni na kumtia adabu njiani. Mwalimu alikuwa mwingine.

Turudi kwa Origen. Alipofika miaka 18, Askofu Demetrius alimkabidhi kazi ya kuwafundisha waliojiandaa kubatizwa. Akaona kazi hiyo na sarufi haziendi pamoja. Akaviuza vitabu vyake vya waandishi wa kale, nakala nzuri alizokuwa akizipenda, kwa makubaliano kwamba mnunuzi amlipe oboli nne kila siku. Hazikufika hata drakma moja. Akaishi kwa hizo miaka mingi, akilala sakafuni na kutembea bila viatu.

Mwanahistoria Eusebius, anayetusimulia hayo, anamsifu kwa kujinyima. Kwangu jambo kubwa ni lile lililofuata: baadaye tunamkuta Origen akiwafundisha wanafunzi wenye akili jiometri na hesabu, kisha falsafa ya kila kundi. Alipolaumiwa, alijibu kwamba wazushi na wanafalsafa walikuwa wakimjia na hoja zao, naye hakutaka kuzijibu bila kuzijua. Tena akamtaja Heraclas, kasisi aliyeendelea kuvaa joho la wanafalsafa, na ambaye baadaye alikuwa askofu wa Alexandria. Kwa mwanafunzi wake Gregory aliandika kwamba elimu ya Wagiriki ni kama dhahabu ambayo Waisraeli waliitoa Misri wakapambia hema la Mungu. Ila alimwonya: wanaoitumia hivyo ni wachache, wengine huishia kuunda ndama.

Aliyeutambua undugu huu wa Ukristo na elimu ya Kigiriki vizuri kuliko wengi alikuwa adui wa Ukristo. Kaisari Julian, aliyelelewa Kikristo kisha akarudi kwa miungu, mwaka 362 aliwazuia Wakristo kufundisha vitabu vya kale: asiyeamini miungu wa Homer aende kanisani akafundishe Mathayo na Luka. Wakristo wawili, Apollinaris baba na mwana, wakaanza kuigeuza Biblia kuwa mashairi ya mtindo wa Homer ili watoto wapate cha kusoma. Julian akafa vitani mwaka uliofuata, watu wakarudi kwa Homer halisi, na mashairi yale yakasahaulika. Nadhani hakuna aliyeyalilia.

Kazi kubwa ya Origen ilikuwa Hexapla, Agano la Kale katika safu sita, Kiebrania na tafsiri za Kigiriki bega kwa bega. Palipokosekana maneno katika Kigiriki aliyaongeza, akatia alama ya nyota ndogo. Alama hiyo hakuibuni yeye. Wahariri wa Homer wa Alexandria ndio walioitumia karne nyingi kabla yake. Aliviuza vitabu, akabaki na ufundi wao. Mwaka 543 Justinian, kaisari aliyepiga marufuku falsafa kufundishwa Athene, alimhukumu marehemu huyo kuwa mzushi. Hexapla nayo ikapotea, vikabaki vipande. Nyota ile tunaibonyeza kwenye simu kila tunapoangalia salio.