Mombasa ya kaseti: nani alitoa, nani alidoea?

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, nayo ndiyo iliyowapa watu wa Mombasa uwezo wa kusambaza muziki wao wenyewe. Santuri ilitoka kiwandani imekwisha kurikodiwa, lakini kaseti mtu aliweza kuirikodi mwenyewe. Mwimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo, Zuhura Swaleh au Maulidi Juma akiimba harusini usiku, kesho yake sauti ilisikika barazani. Katika Mji wa Kale, duka la Mbwana Radio Service lilijipatia jina kwa kaseti za taarabu. Majumbani, mwenye redio ya kaseti mbili aliwanakilia jamaa na majirani, na wimbo wa mtaa wa Kibokoni ukafika Mbaraki, Lamu, hata Uarabuni kwa mikono ya wasafiri.

Mzunguko huo uliendeshwa kwa kuaminiana. Uliazima kwa mtu unayemjua kwao. Asiyerudisha, au aliyerudisha utepe umekatika, habari zake zilitangulia kufika nyumbani. Mdoezi, yule wa kuchukua kila siku asitoe chake, alijulikana mtaa mzima.

Intaneti iliyaondoa macho ya jirani. Napster, huduma ya kubadilishana faili za muziki, ilianza 1999, mtandao wa Gnutella ukafuata 2000. Mwaka huo huo watafiti Eytan Adar na Bernardo Huberman waliichunguza Gnutella wakakuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawatoi faili hata moja, na karibu nusu ya majibu yote yanatoka kwa asilimia 1 ya kompyuta zinazotoa faili. Tena faili lenye jina la wimbo liliweza kuwa kirusi, na hukuwa na wa kumuuliza. Ndipo mtunga programu Bram Cohen, katika BitTorrent yake ya mwaka 2001, akaliweka sharti ndani ya programu yenyewe: anayewapa wenzake ndiye anayepewa kwa kasi.

Hata hivyo, tusiipambe enzi ya kaseti. Majirani walitendeana haki wao kwa wao, lakini mwimbaji na mtunzi hawakuwa na fungu katika kaseti zilizonakiliwa majumbani. Kenya ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu 1966, lakini haikufika barazani. Deni hilo halijalipwa, na Juma Bhalo alifariki mwaka 2014.

Msomaji, kama kabatini mwako mna kaseti ya harusi, ihamishe kwenye kompyuta kabla ukungu haujaila. Andika jina la mwimbaji na la mtunzi, kisha zitafute familia zao uzipe nakala za kwanza.