Maziwa, mashanza na tumbo kuvimba: si kila mara karuho

Maziwa ya Masisi inapita Sake, inafika Mugunga ndani ya bidoni. Mutu anakunywa kikombe, kisha saa moja ao mbili tumbo inanguruma, inavimba, anahara. Palepale jirani wanataja karuho, na mama aliyeuza maziwa anaanza kuangaliwa vibaya.

Mara nyingi mwenye kosa ni laktozi, sukari ya maziwa. Ili kuisaga, utumbo unatengeneza laktazi. Mutoto anazaliwa nayo, lakini kwa watu wengi inapunguka wakati wanakomaa. Duniani, karibu watu wazima wawili kati ya watatu wako hivyo. Hata huku kwetu: utafiti uliotolewa mwaka 1974 juu ya Rwanda na Bushi, kandokando ya Ziwa Kivu, ulikuta watu wazima wengi wa namna hiyo. Kuchemsha maziwa kunaua vijidudu, laktozi inabaki. Lakini laktozi hailete homa wala damu ndani ya choo. Mwenye alama hizo aende kuonwa na munganga.

Mashanza, maziwa ya kuganda, ni tofauti. Vijidudu vyake vinakula sehemu ya laktozi na kuigeuza asidi, ndio ule uchachu, tena vinasaidia kusaga ile inayobaki. Kwa hiyo mutu anayesumbuliwa na maziwa ya kawaida anaweza kunywa mashanza bila shida. Fromaji ya Masisi iliyokomaa nayo haina laktozi karibu hata kidogo.

Sasa wengine wanasikia neno probiotiki na kusema mashanza ni dawa ya kuhara. Hapana. Probiotiki ni vijidudu hai vilivyochunguzwa na kuonekana vinasaidia. Ile ya ndani ya bidoni hakuna aliyeipima. Na uchachu hauue kila kitu: brusela inaweza kubaki ndani ya mashanza ya maziwa mabichi. Inafaa kuchemsha kwanza, kuacha ipoe, ndipo kutia kijiko cha mashanza ya zamani.

Mugunga inajua kipindupindu tangu kambi za 1994. Kinaweza kuua kwa masaa machache. Anayehara majimaji apewe serumu ya kunywa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku anapelekwa kituo cha afya.

Mutoto anayenyonya akihara, wengine wanamuachisha ziwa juu ya laktozi. Hiyo ndiyo hatari zaidi. Aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko mbele.