Mkanda

Mkanda wa kiunoni tunaujua, na wa video pia. Sasa neno hili linahitajika na watunzi wa programu zinazoendeshwa kwa kuchapa amri. Programu isiyo na vitufe wala picha haielezeki vizuri kwa maneno matupu. Mgeni anataka kuona amri ikichapwa na jibu likitoka. Programu ya Asciinema hutengeneza mkanda wa namna hiyo, lakini haipigi picha ya skrini: huhifadhi herufi zenyewe na wakati zilipotokea, hivyo faili huwa jepesi, na mtazamaji anaweza kuusimamisha mkanda akanakili amri. GIF, muundo wa picha wa mwaka 1987, huchezeka karibu kila mahali, lakini maandishi yake hayanakiliki.

Programu ya VHS, yenye jina la kaseti zilizotolewa na JVC mwaka 1976, inanivutia zaidi. Unaandika maagizo kwanza: chapa hiki, bonyeza Enter, subiri sekunde 2. Yenyewe huyatekeleza na kukupa GIF. Amri zikibadilika, unasahihisha maagizo na kuzalisha upya. Onyesho kama hili tuliite mkanda, neno “rekodi” tuliache kwa wanariadha na polisi, ambao tayari wanaligombania.