Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Nilifuta daftari la madeni la mama kwa dakika chache tu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nyumbani tulikuwa na kompyuta moja, nami nilitaka kujaribu Linux. Programu iliponiuliza kama itumie diski yote, nilikubali bila kusoma. Madeni ya wateja wa duka ya miaka miwili yakapotea. Mama hakunigombeza. Alinunua daftari la karatasi, akaanza kuandika majina aliyoyakumbuka.

Baadaye mwenzangu darasani alinionyesha mashine pepe. Ni programu inayofunguka kama dirisha la kawaida, kisha ndani yake inawaka kompyuta nyingine yenye mfumo wake. Diski yake ni faili tu ndani ya diski halisi, na kumbukumbu yake ni sehemu iliyomegwa kutoka kumbukumbu ya mwenyeji. Ukiiharibu, unafuta faili na kuanza upya. Vitu vya mwingine havijaguswa.

Nilidhani ni ubunifu wa juzi. Kumbe wazo hili ni la kale kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1964, katika kituo cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilianza kutengeneza mfumo ulioitwa CP-40. Kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali na kubwa, na watu walizigombania. CP-40 iliigawa mashine moja hata watumiaji hadi 14 wakaona kila mmoja ana kompyuta yake. Kosa la mmoja halikumwangusha jirani. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370, na mbinu hiyo ikawa bidhaa ya wateja.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ya jambo hili. Kwa ufupi, mfumo mgeni unapojaribu amri nyeti inayogusa uendeshaji wa mashine nzima, prosesa lazima isimame na kumwarifu msimamizi, yaani programu inayowagawia wageni mashine. Msimamizi ndiye huamua la kufanya.

Prosesa za familia ya x86, zilizotawala kompyuta binafsi, hazikutimiza sharti hilo. Chukua amri iitwayo POPF. Miongoni mwa kazi zake, huweza kuzima au kuwasha usikivu wa prosesa kwa vifaa vinavyoiita. Ikitolewa na asiye na mamlaka, prosesa haipigi kelele. Inapuuza sehemu hiyo na kuendelea. Mgeni anadhani amefanikiwa, msimamizi hana habari, na mambo yanaharibika kimyakimya.

Suluhisho lilitoka kwa watu waliokuwa karibu na Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwemo Mendel Rosenblum na Diane Greene, walioanzisha VMware mwaka 1998. Programu yao ya mwaka 1999 iliacha amri za kawaida zipite moja kwa moja kwenye prosesa, lakini amri za kiini cha mfumo mgeni ilizitafsiri papo hapo kabla hazijatekelezwa, na zile nyeti ikazibadilisha. Intel ilianza kuweka msaada wa kazi hii ndani ya prosesa zake mwaka 2005, AMD ikafuata mwaka 2006. Mwaka 2007 ikatoka VirtualBox, ambayo mwanafunzi asiye na kitu angeweza kuipata bure.

Ndipo nikaelewa kosa langu kwa namna nyingine. Waliotengeneza kompyuta binafsi walidhani kila mashine ina mtu mmoja. Yetu haikuwa ya mtu mmoja: ilikuwa ya duka, ya masomo yangu na ya sinema za wadogo zangu. Nyumba yetu ilifanana zaidi na maabara ya Cambridge ya miaka ya 60, wengi wakigawana chombo kimoja, ila sisi hatukuwa na wa kututenganisha.

Siku hizi majaribio yangu yote yanabaki ndani ya dirisha. Hesabu za mama ziko nje yake, na nakala yake iko kwenye flashi, kwa sababu diski halisi ikifa, mwenyeji na mgeni wanakufa pamoja. Lile daftari la karatasi bado analiandika kila jioni, na sijawahi kumshauri aache.