Karata Zina Maneno Yake



Mwanafunzi wetu mmoja hapa Kigali aliwahi kutuonyesha, wakati wa mapumziko, ufundi wake wa karata. Alizikata mara mbili, fungu moja likazunguka kwenye ncha ya kidole gumba na kutua kiganjani mwa mkono wa pili. Tulipomwomba aeleze kwa Kiswahili alichokifanya, alisema Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Baadhi yetu tulikaribia kukubaliana naye. Makala haya ni jibu letu lililochelewa.

Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Utawala ulikwisha, lakini maneno yalibaki mezani, na neno meza lenyewe ni lao. Karata na turufu zimetoka kwao. Kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni upanga na pao ni fimbo, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa picha za karata za zamani za Kireno. Leo kopa huchorwa moyo, lakini jina halikubadilika. Ree nayo, ambayo kwa Kireno ni mfalme, kwetu imekuwa jina la karata ya moja.

Hata hivyo, Waswahili hawakukopa tu. Karata zenye picha za watu waliziita mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne, yaani malkia, ghulamu na mfalme. Kwa nini ghulamu amzidi malkia? Katika michezo ya Kireno kama bisca, malkia huhesabiwa alama 2, ghulamu 3 na mfalme 4. Jina limebeba hesabu ya mchezo ndani yake.

Mbwembwe za mkono ni jambo jingine, nalo zisichanganywe na kiinimacho. Katika kiinimacho mkono huficha. Katika mbwembwe mkono huonyesha kila kitu, na uzuri umo katika mwendo wenyewe. Kwa muda mrefu zilikuwa pambo tu la wafanya mazingaombwe wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1992 Mmarekani Chris Kenner alichapisha ukataji wa mafungu mengi alioupa jina la Sybil, na baadaye ndugu mapacha Dan na Dave Buck wakauendeleza na kuusambaza kwa video. Hivyo mbwembwe zikawa sanaa inayojitegemea.

Sasa tujaribu kueleza alichokifanya mwanafunzi wetu. Shika karata kwa juu kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikiwa upande wa kwako na vidole vingine upande wa mbele. Kwa kidole cha shahada, inua nusu ya juu kwenye kona ya mbele. Lizungushe fungu hilo kuelekea kushoto, kidole gumba kikiwa egemeo, kisha lipokee kwa mkono wa kushoto. Weka fungu lililobaki juu yake. Hakuna neno hata moja tulilolazimika kulikopa leo: kukata, kuinua, kuzungusha, kupokea, fungu, egemeo.

Kwa nini basi mwanafunzi hakuyajua? Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na wengi wetu tumekifundisha tangu hapo kama lugha ya ofisi na ya Jumuiya. Karata tuliziacha nje kwa kuogopa kamari, na hofu hiyo ina sababu zake. Lakini mbwembwe hazina dau wala mshindwa. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakikuingia Kigali kupitia ofisini peke yake. Kililetwa pia na wafanyabiashara na askari waliokaa katika mji huu ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, na kimeendelea kuishi Biryogo na Nyamirambo, mitaani na madukani.

Tunapendekeza walimu walete karata darasani kwa kipindi kimoja. Mmoja azungushe, mwingine aeleze, wa tatu asahihishe upatanisho wa ngeli: fungu limezunguka, mafungu yamezunguka. Wanafunzi wetu wamezoea kusema amakarita kwa Kinyarwanda. Wakumbushwe kuwa karata ni jamaa yake, iliyofika mapema zaidi kwa njia ya bahari.

Mwanafunzi yule alikuwa na mikono hodari. Maneno yalikuwepo, sisi ndio hatukuwa tumempa.